Kabichi Barazani Siku ya Posa

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya posa yake, Bi Mwantumu aliota amefika kwenye kitalu cha maua akakuta lango limefungwa, kwa sababu maua yalikuwa kwenye kikao.

Hilo halikumshangaza. Ndotoni mtu hashangai. Kushangaa ni kazi ya walioamka. Alisimama langoni na kikapu chake mkononi, moyo ukimdunda kwa furaha, akasubiri kuitwa kama watu wanavyosubiri zahanati.

Kabla hatujaingia naye, ni haki tujue kilichompeleka huko. Bi Mwantumu ni mjane wa Magamba, kule juu ya Lushoto, ambako kipupwe kikikolea ukungu huingia mpaka sebuleni na kujikalia kwenye kochi. Ana miaka hamsini na kidogo, na hiyo kidogo haiulizwi. Mwaka huu amependwa. Aliyempenda ni Kiondo, mkulima wa Soni wa matunda damu, yale yenye maji mekundu, mwanamume mpole mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Na Bi Mwantumu naye anampenda, hilo halina mjadala: akisikia tu jina la Kiondo anatia chumvi kwenye chai.

Shida ni ulimi. Mwanamwali akiposwa akanyamaza, ukimya wake ndio idhini yake; wazee wanatazamana, wanamshukuru Mungu, mambo yamekwisha. Mjane hana nafuu hiyo. Mjane sharti aulizwe, na sharti atamke kwa kinywa chake mwenyewe. Sasa Bi Mwantumu, ambaye akimfokea mbuzi wa jirani mbuzi anakaribia kuomba radhi, hajawahi maishani mwake kusema "nataka" kwa jambo linalomhusu yeye. Alipoolewa mara ya kwanza aliinamisha kichwa tu, na kichwa kikamjibia.

Kwa hiyo mshenga, Mzee Singano, alipokuja safari ya kwanza akauliza vizuri kabisa, Bi Mwantumu alimtilia chai. Mzee akauliza tena. Akamtilia tena. Maskini wa Mungu akateremka mlima na tumbo la chai bila jibu. Leo asubuhi anarudi, na ametuma neno kwamba kilima kile hakipandi mara ya tatu. Akiondoka bila kusikia kitu, atamwambia Kiondo aangalie kwingine.

Na Bi Mwantumu alifanya nini wiki nzima? Alihangaika na maua. Alisema haiwezekani wageni waje wakute baraza la kijivu, ukungu juu, saruji chini. Akakusanya vyombo: sufuria iliyotoboka, ndoo ya rangi, dumu lililokatwa nusu, na beseni la bluu. Binti yake Saumu akamwambia, "Mama, hawaji kuposa maua." Akaambiwa anyamaze. Akalala vyombo vikiwa vitupu barazani, kwa sababu kila ua alilolifikiria aliliona halifai. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu.

Lango likafunguka. Aliyelifungua alikuwa keni ya kumwagilia maji, ya bati, amevaa kofia ya kiua, mdomo wake mrefu ameuelekeza chini kwa heshima.

"Asalaam alaykum," alisema Keni.

"Waalaykum salaam. Nimekuja kuchagua maua ya barazani."

"Hapa hatuchagui. Hapa tunaposa. Mshenga wako nani?"

Bi Mwantumu akatazama huku na huku. Hakuwa na mtu.

"Mimi," kilisema kikapu, kikajikohoza. "Lakini nipewe kwanza maji ya kunywa. Tumetoka mbali."

Bi Mwantumu alifurahi mno kupata wa kumsemea. Walipoingia ndani, kitalu kilikuwa darasa. Mimea yote imekaa kwenye madawati, wengine kwenye viriba vyao vya plastiki, wengine mizizi wazi, wameikunja miguuni kwa adabu. Pamewaka rangi humo ndani! Njano inayopiga kelele, wekundu wa kuungua, zambarau, chungwa, kijani cha kila namna. Bi Mwantumu alitaka kupiga kigelegele, akajizuia, maana kikao kilikuwa kinaendelea.

"Tumetumwa na baraza la Magamba," kikapu kilianza, "lenye vyombo vinne na nia njema."

"Jua lake?" aliuliza Keni.

"La asubuhi. Jioni jua liko nyuma ya nyumba."

Alizeti akanyoosha mkono kutoka dawati la mbele. "Mimi nihesabuni nimeposwa. Asubuhi nitakaa barazani, jioni nitahamia nyuma ya nyumba."

"Utahamaje?" aliuliza Keni.

"Kwa miguu."

Wakamtazama miguu. Hakuwa na viatu, na Magamba ni baridi. Akaombwa avute subira mpaka kiangazi. Alikubali bila kinyongo, akageuza uso kulifuata jua, na hakugeuka tena.

Keni akasoma masharti, na masharti ya kitalu kile hayakuwa na mzaha. Chombo kimoja kitakaa watatu: mmoja mrefu, mmoja mnene, mmoja mtambaaji. Wanaokaa pamoja wawe na kiu moja. Rangi zao zisigombane. Na chombo chenyewe kiwe na tundu chini. Bi Mwantumu aliitikia kwa kichwa kila sharti, kwa sababu yote alikuwa akiyajua. Yeye mwenyewe aliwahi kumfundisha Saumu.

"Mrefu asimame," alisema Keni.

Mchaichai anasimama. Anaendelea kusimama. Anapita kenchi, anapita bati, sauti yake inatoka juu huko ikisema ukungu umefunguka kidogo na Lushoto mjini wameanza kukaanga maandazi. Anaambiwa inatosha. Anashuka taratibu akiomba radhi kwa bati.

"Mtambaaji."

Tembele akashuka dawatini, akalala kifudifudi, akaanza kutambaa. Akapita chini ya mlango, shina likimfuata, shina likimfuata, mpaka kikao kikaanza kuzungumza mambo mengine. Halafu ncha yake ikarudi kupitia dirishani, inahema.

"Nimefika Soni," alisema Tembele. "Kiondo hajalala. Anapiga pasi kanzu, na anaimba."

"Anaimba nini?" Bi Mwantumu aliuliza haraka mno, na darasa zima likageuka kumtazama. Akajifanya anapanga kikapu.

"Sikusikia maneno. Sauti si nzuri, lakini ana bidii."

Bi Mwantumu akasikia joto likimpanda kutoka nyayo hadi masikioni. Ilikuwa ni furaha, hebu tuiite kwa jina lake. Mwanamke wa umri ule, na joto la namna ile, katika baridi ya namna ile!

Kipimo cha kiu kilifanyika kwa glasi. Keni aliwamiminia wote kwa pamoja, na waliomaliza pamoja wakahesabiwa kuwa ndugu. Mrehani na Mchicha Mwekundu walimaliza sawia wakakumbatiana wakilia, kwani hawakujua siku zote. Waridi alinywa funda moja, akasema chakula chake ni mbolea ya kuku peke yake, na kuku mwenyewe awe anafahamika kwao. Kikapu kikasema baraza la Magamba halina ubavu huo. Waridi akafumba petali zake, na hapo ikawa mwisho wa Waridi.

Rangi nazo ziligombana kwelikweli. Pilipili wa Njano na Mchicha Mwekundu walishikana mashati mbele ya mgeni, kila mmoja akidai mwenzake anamzimia mwanga. Bi Mwantumu akaingilia kati, maana ugomvi wa aina hii aliujua tangu Saumu akiwa mdogo.

"Jamani! Katikati yenu akae wa kijani, mtapendezeshana."

Mrehani akakaa katikati. Wakatazamana. Kweli wakapendeza, wakaona haya, wakaachiana mashati.

"Sasa mnene," alisema Keni.

Hakuna aliyesimama. Mrehani alijaribu kuvuta pumzi akavimba, akazimia kidogo. Ndipo kutoka dawati la nyuma kabisa, pale wanapokaa wasiotaka kuulizwa, akainuka Kabichi. Kabichi wa zambarau. Alikuwa mpana, ametulia, majani ya nje yamekunjamana kama kanga iliyofungwa vizuri, na umande bado unamng'aa mabegani.

Bi Mwantumu alishtuka, na msichukulie ni kiburi. Mtu wa Magamba huijua kabichi ya kupakia kwenye lori, ya kukatakata, ya kuchemsha na karoti, ya kumpa ng'ombe ikiharibika. Kumweka barazani siku ya posa ni sawa na kumpokea mkwe ukiwa na jembe begani. Watu wangesema hadi Mtae, mwisho wa milima.

"Wewe hapana," alisema, mara hii mwenyewe, bila kikapu. "Samahani. Wewe ni mboga."

"Nina rangi gani?" aliuliza Kabichi.

"Zambarau."

"Na baridi ikizidi?"

Bi Mwantumu akafikiri. Alikuwa amewaona maelfu shambani kwake, kila kipupwe, na hakuwahi kuulizwa swali hilo. "Unazidi zambarau," alikiri.

"Hawa wenzangu baridi ikiwapiga wanajikunyata. Mimi ndio naiva rangi. Na unene nimejaliwa. Sasa una neno jingine?"

Alibaki akimtazama, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyomwona mzuri, mpaka akaona aibu kwa miaka yote aliyompeleka sokoni bila kumwangalia vizuri.

Keni akagonga dawati. "Tunaingia kwenye idhini. Mmea ambao haujawahi kukaa chomboni, ukinyamaza umekubali. Mmea uliowahi kupandwa ukang'olewa, sharti utamke."

Bi Mwantumu akashika kikapu kwa nguvu.

Waliokuwa kwenye viriba walinyamaza, wakainamisha vichwa, wakabebwa mmoja mmoja. Mrehani alinyamaza vizuri kuliko wote. Akafuata Mchaichai, ambaye zamani aliwahi kukaa kwenye karai la watu wengine.

"Umekubali kwenda Magamba?"

"Nimekubali. Ila nisibanwe, nina majani makali."

"Na wewe Kabichi?"

"Nimekubali," alisema Kabichi, kwa sauti ile ile ambayo angeombea chumvi.

Ilikuwa rahisi kiasi hicho! Bi Mwantumu alisikia uchungu kidogo na wivu mwingi. Aligeuka kumwambia kikapu jambo fulani, na alipogeuka darasa halikuwepo. Wako barazani kwake. Lakini baraza ni kubwa kama uwanja wa mpira, saruji inaenda mpaka inapotelea kwenye ukungu, na vyombo vimepangwa katikati. Sufuria imejaa. Ndoo imejaa. Dumu limejaa, Tembele ananing'inia pembeni yake kwa raha zote. Rangi zinawaka mpaka ukungu umeanza kuona haya na kurudi nyuma.

Beseni la bluu tupu.

"Hilo la nani?" aliuliza Bi Mwantumu.

"La aliyewahi kupandwa," alisema Keni.

Mimea yote inamtazama. Anavua viatu, kwa sababu mtu haingii chomboni na viatu. Anaweka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Udongo ni mweusi, laini, una joto kama unga uliotoka mashineni. Vidole vinazama vyenyewe. Anasikia raha ambayo hajaisikia tangu afiwe, na anatamani kucheka.

"Jua au kivuli?" aliuliza Keni.

Bi Mwantumu akakitazama kikapu.

"Hapo mimi sisemi," kilisema kikapu. "Mimi nilikuja kwa ajili ya maua."

Basi akafanya anachokijua. Mkononi mwake mna birika. Haulizi limetoka wapi. Anammiminia Keni chai. Keni naye kazi yake ni moja tu duniani, kwa hiyo chai yote anayopewa anaimwagia kwenye beseni. Chai inafika kwenye vifundo. Bi Mwantumu anamimina tena. Inafika magotini. Ina tangawizi, tamu kabisa, jambo ambalo halikusaidia chochote.

"Jua au kivuli?"

Akamimina. Kiunoni.

"Beseni hili halina tundu," alisema Mchaichai kutoka juu.

"Nani alilileta bila kulitoboa?" aliuliza Keni.

"Yeye mwenyewe," alijibu Mchaichai.

Kabichi akatikisa majani. "Mama Saumu, mmea ulio kwenye chombo kisicho na tundu haufi kwa kiu. Unaoza kwa maji yaliyokosa pa kutokea."

Chai ikafika kifuani. Bi Mwantumu, kwa mazoea, akainamisha kichwa kijibu chenyewe, na pua ikazama kwenye chai. Kichwa kikainuka haraka kikipiga chafya. Hakikuwa tayari kufia kazini.

"Jua!" alisema Bi Mwantumu.

Chini ya nyayo zake kitu kikalia *puk*, tundu dogo la ukubwa wa punje ya choroko. Chai ikaanza kushuka.

"Jua gani?" aliuliza Keni bila kubadilisha sauti.

"La asubuhi. Nataka jua la asubuhi!"

*Puk.* Tundu la pili. Lo, kumbe neno lenyewe halichomi! Alilirudia ili ahakikishe.

"Nataka!"

*Puk.*

"Kiu yako?"

"Kubwa. Nilikuwa nawaambia watu ni ndogo. Ni kubwa!"

"Mizizi?"

"Nataka nafasi. Nataka baraza langu libaki langu, na hili shamba, na Saumu aje anapotaka. Nataka mtu wa kucheka naye jioni. Nataka matunda damu mpaka mikono iwe myekundu. Nataka aimbe, hata kama sauti si nzuri, nitaizoea!"

Chai ikatoka kwa matundu kila upande, ikatiririka juu ya saruji, na mimea ikanyanyua mizizi isilowe. Alizeti, ambaye hakualikwa, alipiga makofi akiwa ameelekea upande mwingine. Mchicha na Pilipili walikumbatiana. Bi Mwantumu alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja, miguu udongoni, mikono hewani, mtu mzima na heshima zake.

Keni akasubiri chai iishe yote. Akaweka kofia yake vizuri, akaukunjua mdomo wake mrefu.

"Sasa swali lenyewe," alisema. "Bi Mwantumu, je, umekubali..."

Adhana ya alfajiri ikasikika kutoka msikitini. Bi Mwantumu akafungua macho akaiona dari yake.

Alilala vile vile kwa muda, kinywa wazi, jibu limefika kwenye meno. Aliudhika sana. Kumkatisha mtu hapo! Kisha akasikia baridi miguuni, akalifunua blanketi.

Shuka lilikuwa na udongo mweusi, mbichi. Katikati ya vidole kulikuwa na udongo. Na kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto, karibu na ukucha, ulikuwa umetoka mzizi mmoja mweupe, mwembamba kama uzi wa cherehani. Aliugusa. Ulikuwa wake, maana aliusikia ukivutika mpaka ndani.

Hakuukata. Alivaa ndara upande huo kwa uangalifu, akashika jembe, akatoka kuelekea shambani.

Saumu aliamka akamkuta mama yake barazani, mikono imejaa tope, kanga imechafuka, uso unang'aa kama wa mtoto siku ya Idi. Kwenye sufuria na ndoo na dumu mlikuwa na mchaichai umesimama, mchicha mwekundu na pilipili za njano na mrehani katikati yao, tembele likiteremka ngazini, na kila chombo kina kabichi moja kubwa ya zambarau, imekaa mbele kabisa. Beseni la bluu lilikuwa limefunikwa kifudifudi. Lilikuwa limetobolewa chini kwa msumari, mahali pengi.

"Mama," alisema Saumu. "Kabichi? Siku ya leo?"

"Iangalie kwanza halafu useme."

Saumu akaiangalia. Ukungu ulikuwa umelegea, jua limeanza kupenya pembeni, na zambarau ile ilikuwa imejaa hadi pembezoni mwa majani.

"Imependeza," alisema, kama mtu aliyeibiwa neno. "Mama, una nini leo? Umelala kweli?"

"Nimelala sana."

Saa nne wageni wakaonekana chini ya kilima. Mzee Singano mbele na mkongojo wake, nyuma yake wazee wawili wa Soni na shangazi mmoja aliyebeba kapu la matunda damu kichwani. Walipanda polepole. Mzee Singano alikuwa na uso wa mtu anayejiandaa kunywa chai nyingi. Saumu alimshika mama yake mkono.

"Mama, atakuuliza. Tafadhali usiende jikoni."

Bi Mwantumu alijifunga kanga vizuri. Alikuwa amesimama ukingoni mwa baraza, katikati ya vyombo vyake, kidole kidogo cha mguu kikimwasha kwa furaha.

Wageni wakafika uani. Wakaona rangi zile, wakasimama, shangazi akasema "Eh! Kabichi hizo!" na hakuna aliyejua kama anasifu au anashangaa. Mzee Singano akavua kofia, akaivaa tena, akapumua, akaanza kwa utaratibu unaotakiwa, bila kuruka hata hatua moja.

"Hodi wenyewe!"

"Nimekubali!" alijibu Bi Mwantumu, kwa sauti iliyofika kwa jirani na mbuzi wake.

Mzee Singano akawageukia wenzake, wenzake wakamgeukia yeye. Shangazi akateremsha kapu taratibu, akaanza kucheka kimoyomoyo, kisha akashindwa akapiga kigelegele.

"Mama," Saumu alinong'ona, machozi yakimtoka, "wakibisha hodi tunasema karibuni."

"Na karibuni," alisema Bi Mwantumu.